Nimebeba watu watano kwenye kazi ya kundi, tumeambulia 9 kati ya 20

Mnyamwezi wa Mahesabu (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu. Chuo sikitaji, maana humu kuna walimu wanaosoma kimyakimya. Kwa sasa niko nyumbani Tabora, Isevya, na nina hasira ambazo sijui nizipeleke wapi, ndiyo nimezileta hapa.

Iko hivi. Kabla hatujafunga kwa likizo fupi, mwalimu wa somo la maji ya mvua alitoa kazi ya kundi, alama 20. Akatugawa kwa mikoa tunakotoka, eti tusipate kisingizio kwamba hatuonani. Sisi tukawa kundi la Magharibi: mimi Tabora mjini, jamaa mmoja Nzega, dada mmoja Kigoma mjini, mwingine Kasulu, na wawili wa Mpanda. Anayeijua ramani ataona utani wa mwalimu. Kutoka kwangu hadi kwa huyo dada ni zaidi ya kilomita 400 za reli.

Kazi yenyewe: tafuteni mfereji mmoja wa barabarani huko kwenu, upimeni, mkokotoe maji ya mvua yanayoufikia, mseme unatosha au hautoshi. Tulichagua wa Kigoma. Tabora ni tambarare, maji yetu hayana haraka. Kigoma kuna vilima, mvua ikinyesha kila kitu kinateremka kuelekea ziwani.

Siku ya kwanza kundi la WhatsApp lilichangamka: "tupo pamoja", "hii tunaimaliza mapema". Siku ya nne kimya. Naandika, tiki mbili za bluu, hakuna jibu. Mmoja wa Mpanda akatuma katuni ya mbuzi. Wa Nzega aliuliza "mwisho wa kutuma lini?" mara tatu, siku tatu tofauti, na mara zote tatu nilimjibu. Wa Kasulu akayeyuka kabisa.

Zikabaki siku tatu. Nikaona huu ujinga, nikachukua kazi yote. Excel mimi, michoro mimi, ripoti ya kurasa 14 mimi. Bando langu. Umeme unakatika, usiku niko chini ya mwembe wa jirani kwa sababu ndipo mtandao unaposhika vizuri, mbu wananila. Nikaweka majina yote sita kwenye kava kwa mpangilio wa herufi. La kwangu likawa la tano!

Jana alama zimetoka. 9 kati ya 20, wote sawa. Kosa lenyewe dogo tu, la kuingiza namba. Mwalimu kaandika pembeni kwa rangi nyekundu: "Haya maji yana leseni?"

Sasa naomba kuuliza. Watu sita, hakuna hata mmoja aliyefungua faili akaangalia? Mizigo ya namna hii mnaifanyaje huko vyuoni kwenu?

Mkeka na Chai

Natandika hapa. Nasubiri mtu wa Kasulu aje kujitetea.

Kuli wa Madesa

Pole mkuu. Dawa ni moja: futa majina. Mwaka wa pili nilifuta majina matatu, nikatuma. Waliitwa ofisini wakalia. Mmoja hanisalimii mpaka leo na sina shida naye.

Asali Mbichi

Mleta uzi pole, ila kuna mizigo ya aina nyingi.

Mimi nasoma umeme. Darasa letu wasichana tuko tisa. Kila kundi nililoingia tangu mwaka wa kwanza, kikao cha kwanza kinaisha hivi: "Dada, mwandiko wako mzuri, wewe utakuwa katibu." Miaka mitatu niko katibu. Natengeneza kava, napanga kurasa, nakusanya mia mbili mbili za kuprinti, nakimbilia steshenari saa kumi na moja jioni. Siku ya kuwasilisha mwalimu anauliza kuhusu sakiti, kaka zangu wanajibu kwa mbwembwe, mimi nimesimama pembeni nageuza slaidi. Baadaye wanasema sikuchangia chochote cha maana.

Muhula uliopita nilikataa. Nikasema safari hii nashika mita na nyaya, kava aandike anayependa. Wakanuna wiki nzima. Kava ikaja na jina la somo limekosewa, lakini angalau nilijua kwa nini transfoma yetu ilikuwa inapata moto.

Kuli wa Madesa

Dada Asali, hiyo ya katibu nimecheka lakini naijua. Hata kwetu iko hivyo.

Fundi wa Daraja

Nimehitimu zamani kidogo, nipo saiti. Wacha niwape cha kwetu.

Upimaji, mwaka wa kwanza. Tulipewa mashine ya levo moja (ya kupimia tofauti za vimo vya ardhi), stafu moja (fito yenye namba zinazosomwa kwa mashine), watu wanane. Mashine kila mtu anaitaka, hiyo ndiyo inapigwa picha. Stafu anapewa mnyonge, asimame juani kule mwisho. Sasa stafu ikiinama, kwa mbele au kwa nyuma, usomaji unakuwa mkubwa kuliko wa kweli. Ndiyo maana mshika stafu mzuri anaitikisa taratibu kwenda mbele na kurudi, wa kwenye mashine anachukua namba ndogo kuliko zote. Mshika stafu wetu hakuna aliyemwambia hivyo. Aliachwa huko kama mlingoti. Jioni tukarudi pale tulipoanzia, hesabu haikufunga, yaani kimo cha mwisho hakikulingana na cha mwanzo, imepishana sentimita kama saba. Badala ya kurudia kesho yake, tukaenda bwenini kupika data. Namba zikafunga vizuri mno, milimita sifuri. Mwalimu alivyoona sifuri alijua papo hapo. Hakuna levo ya wanafunzi inayofunga kwa sifuri. Tulirudia kipimo chote Jumamosi, na yeye amekaa kwenye kiti chini ya mti anatutazama.

Kazini huku mambo yako tofauti kidogo. Mchoro wowote una visanduku chini kulia: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Majina matatu. Sasa wewe mleta uzi, kwenye ripoti yako kisanduku cha aliyekagua ungemwandika nani?

Maji Marefu

Swali zuri. Na mimi naongeza: hilo "kosa dogo la kuingiza namba" ni lipi? Tuwekee tuone. Watu wanaosema kosa dogo huwa nawaogopa.

Mnyamwezi wa Mahesabu

@Fundi wa Daraja, hakukuwa na wa kumwandika, si ndiyo nalalamika hapa.

@Maji Marefu, mfereji ni wa mawe, upana sentimita 60, kina sentimita 45. Mwinuko asilimia 2. Eneo linaloleta maji hekta 4, ukali wa mvua milimita 80 kwa saa kutoka kwenye jedwali alilotupa mwalimu, kigezo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka) 0.6. Mfereji nikautafutia uwezo kwa kanuni ya Manning (ya kasi ya maji mferejini), n, yaani ukwaruzo wa mawe, nikaweka 0.025. Sasa kwenye kisanduku cha mwinuko nikaandika 2 badala ya 0.02. Basi.

Maji Marefu

Basi?! Mkuu, mwinuko unaingia kwenye hiyo kanuni kwa kipeuo cha pili. Umeuzidisha mara 100, kwa hiyo kasi imepanda mara 10. Nimepiga hapa kwenye simu: kasi ya kweli ni kama mita 1.8 kwa sekunde. Ya kwako inatoka mita 18. Hiyo ni kilomita 65 kwa saa.

Maji ya mvua, mtaroni, kilomita 65 kwa saa. Bodaboda anayapisha.

Mkeka na Chai

Treni ya Kigoma yenyewe ingesimama ipishe.

Kuli wa Madesa

Leseni daraja gani hiyo 😂

Maji Marefu

Tukimaliza kucheka mwangalie na hili, maana hapa ndipo penye uzito. Mvua inaleta 0.6 × 80 × 4 ÷ 360 (360 ni ya kubadili vipimo), sawa na mita za ujazo 0.53 kwa sekunde. Mfereji ukijaa mpaka mdomoni unabeba 0.49. Kwa hiyo hautoshi. Wewe uliandika unabeba 4.9, maana yake unatosha mara tisa. Hujakosea namba tu, jibu limegeuka. Na mitaro yetu mnaijua, haikosi mchanga. Weka tope la sentimita 10 chini, unabaki na 0.35.

Ulivyoona mita 18 hukushtuka?

Mnyamwezi wa Mahesabu

Saa nane usiku mkuu. Niliona kisanduku kimegeuka kijani nikashukuru Mungu.

Mwalimu wa Zamu

Habari za humu. Mimi nafundisha, si chuo cha mleta uzi, asitoke jasho.

Kuna mhandisi Mfaransa wa mashine za kilimo, Ringelmann, aliyechapisha mwaka 1913 majaribio ya watu kuvuta kamba. Mmoja akivuta peke yake unapata nguvu yake yote. Wakiwa wanane, kila mmoja anatoa karibu nusu tu ya nguvu aliyotoa alipokuwa peke yake. Wengi wakisikia hivyo wanasema "uvivu". Lakini sehemu ya upotevu ule ni ya kutovuta kwa pamoja: huyu anavuta, yule anapumua. Mnaweza kuwa na watu wanane wenye moyo na kamba isiende.

Nikiwa kijana nilikuwa natoa kazi ya kundi na kusubiri ripoti. Nikapata ripoti nzuri na wanafunzi wasiojua kilichomo. Sasa nachagua mtu yeyote kundini, namuuliza sehemu ambayo hakuifanya yeye, na alama ya jibu lake inakuwa ya wote. Wananichukia mpaka wiki ya sita hivi. Halafu unawakuta kantini wanafundishana.

Lakini niseme ukweli wa upande wetu. Darasa la watu 180, mwalimu mmoja. Kazi binafsi 180 za kusahihisha hazisahihishiki, za makundi 30 zinasahihishika. Mara nyingine hatutoi kazi za kundi kwa sababu ya falsafa yoyote.

Dagaa wa Kibirizi

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya kamba huku Kigoma hatuhitaji Mfaransa. Mtumbwi ukipandishwa mchangani lazima awepo wa kuita. Yeye mwenyewe havuti sana, mdomo ndio kazi yake, "haya, harambee!", wengine wanaitikia na kuvuta. Bila yeye mnaweza kusukumana mpaka jioni. Kwenye makundi ya chuo kila mtu anataka kuwa wa kuvuta peke yake au wa kukaa. Wa kuita hayupo.

Mzee wa Stesheni

Vijana wa siku hizi mnalia na WhatsApp. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, ikafika Kigoma 1914. Hakukuwa na simu ya mkononi wala hizo Excel zenu, na watu walikuwa maelfu.

Dagaa wa Kibirizi

Mzee, wale walikuwa na kiboko nyuma yao. Tusifananishe na kazi ya alama 20.

Mwisho wa Reli

Nimetumiwa huu uzi na watu watatu tofauti leo asubuhi, nikaona nifungue akaunti. Mimi ndiye huyo "dada mmoja Kigoma mjini".

Kaka Mnyamwezi, sijaja kugombana. Ila umeandika mizigo mitano, na mmoja ni mimi, kwa hiyo wacha niseme nilichobeba.

Huo upana wa sentimita 60 na kina cha 45 uliviota? Nilivipima mimi, sehemu nne, nikachukua wastani. Mwinuko nilipima kwa mpira wa levo wa fundi jirani yetu, ule wa maji. Kwa mita 20 mfereji unashuka sentimita 40. Nilishika upande mmoja, mdogo wangu wa darasa la sita akashika mwingine, watu wanapita wanatuuliza tunachimba nini. Nikakutumia karatasi, nimeipiga picha, imeandikwa "40 kwa 2000". Wewe ukaigeuza kuwa asilimia, sawa, halafu ukaiingiza ilivyo.

Halafu siku ya saba mvua kubwa ilinyesha mchana. Nikatoka na mwavuli nikarekodi video ya dakika moja na nusu: mfereji umejaa, maji yamepanda barabarani, yanaingia kwa mama anayeuza vitumbua pale kona, ameweka mifuko ya mchanga mlangoni. Nikaituma kwenye kundi. Nikatuma na sauti nikasema jamani mfereji hautoshi, nimeuona kwa macho, hesabu zikisema unatosha tuzitilie shaka. Ulijibu "nimepokea". Nina uhakika hukuisikiliza, kwa sababu kwenye taarifa za ujumbe jina lako mpaka leo halimo kwa waliousikiliza.

Siku mbili kabla ya kutuma nikaomba faili niangalie. Ukasema, nanukuu, "tulia dada, nimeshamaliza, usije ukaharibu fomula." Faili nililiona siku moja na mwalimu.

Kuna waliokaa kweli, siwatetei. Ila hakuna aliyekuangalia kwa sababu hukumpa mtu nafasi ya kukuangalia.

Mkeka na Chai

Naongeza chai.

Asali Mbichi

"Usije ukaharibu fomula." Nimeisoma mara mbili. Dada njoo tukumbatiane.

Kuli wa Madesa

Mleta uzi yuko online jamani, namuona.

Fundi wa Daraja

Kumbe mkaguzi alikuwepo. Alikuwa na video.

Mnyamwezi wa Mahesabu

Nipo. Nimeenda kuisikiliza ile sauti kwanza. Dakika mbili na sekunde kumi. Ni kweli amesema yote hayo, na mvua inasikika nyuma.

Dada, nisamehe kwa lile neno la fomula. Nilikuwa nimechoka, na niseme ukweli, mwaka wa kwanza niliwahi kumwachia mtu sehemu ya kazi akaiharibu nikapata sapu (mtihani wa marudio) ya somo lile. Tangu hapo nikiachia kitu mikono inawasha. Sisemi kwamba ndiyo sababu. Nasema tu ndivyo nilivyo.

Lakini wa Nzega na wale wa Mpanda bado nawadai. Katuni ya mbuzi ile!

Mahindi ya Heru

Haya, mtu wa Kasulu nimefika, mkeka ukunjwe.

Mimi sina mkopo. Nimenyimwa miaka yote mitatu, ada analipa kaka yangu na shamba. Likizo ile ilikuwa kupalilia, na jioni naendesha bodaboda ya watu mpaka saa tano. Simu yangu ya kitochi haina WhatsApp, ile ya WhatsApp ni ya binamu na alisafiri nayo. Ningeweza kumwomba mtu simu nikapiga kusema hivyo? Ningeweza. Niliona aibu. Nikaacha siku zikapita, na zikishapita nne tano unaona aibu zaidi, mwisho unaomba tu kazi itumwe bila wewe.

Jina langu mngelifuta nisingelaumu.

Kuli wa Madesa

Aisee. Hii ya kufuta majina nimeanza kuifikiria upya. Wale watatu wangu sikuwahi kuwauliza.

Maji Marefu

Sio wote wana shamba na bodaboda. Wengine walikuwa wanaangalia mpira. Tusilainike sana.

Mwalimu wa Zamu

Maji Marefu ana haki. Lakini mleta uzi, kama mwalimu wenu ni mtu wa kusikiliza, nendeni na ile video. Mimi ningependa kuiona.

Mnyamwezi wa Mahesabu (baada ya siku kumi na moja)

Narudi kufunga deni, maana PM zimekuwa nyingi.

Tumefungua chuo. Tulienda ofisini kwa mwalimu sote sita, hata wa Nzega. Tulitegemea ahojiwe anayejua. Akaanza na wa Kasulu: "Kwa nini unatumia eneo kugawa kwa mzingo uliolowa?" (yaani urefu wa chini na kuta za mfereji unaoguswa na maji). Jamaa akaeleza vizuri kuliko mimi, sijui alisoma lini, labda juu ya bodaboda. Wa Mpanda wa katuni akakwama palepale, akatumwa nje akajisomee.

Dada akaeleza mpira wa levo. Mwalimu akamwinua atuchoree ubaoni jinsi alivyoondoa mapovu ya hewa kwenye mpira, maana yakibaki levo inadanganya. Halafu video. Aliitazama yote, akairudisha nyuma pale kwa mama wa vitumbua, akaniangalia.

"Wewe, maji yakitoka hapa kwenye kona yanaelekea wapi?"

Sikujua. Wakuu, mimi Kigoma sijawahi kufika. Nimezaliwa Tabora, treni za kwenda mwisho wa reli nazisikia zikipiga honi usiku tangu mtoto, nimeandika kurasa 14 za mfereji wa kule, na sijui kona ile inageukia wapi. Dada akajibu yeye: kushoto, nyuma ya nyumba za watu, hadi kwenye korongo.

Ametupa wiki moja turudie. Alama haitazidi 15 kwa sababu ya kuchelewa. Safari hii hesabu ameshika wa Kasulu, mimi napiga mahesabu yangu pembeni bila kuona ya kwake, halafu tunalinganisha. Jana tulipishana kwenye eneo la hekta, ikabidi tukae mpaka saa sita. Aliyekosea sisemi.

Jingine: orodha ya makundi ya muhula mpya ilitoka leo, safari hii mwalimu karuhusu watu wajichague. Nilimwandikia dada mapema kabisa. Akajibu kwamba ameshaingia kundi la nane, na wa Kasulu yuko naye.

Mkeka na Chai

Duh.

Mwisho wa Reli

Kundi la nane tulishajaa kaka, siyo vita. Ile ya kurudia tunamalizia pamoja, kesho saa nne maktaba, uje na karatasi yenye hesabu zako za hekta. Dagaa wako nimekuletea, wako chumbani kwa wa Nzega.

Dagaa wa Kibirizi

Dada, kwa wa Nzega? Hao hesabuni wameshaliwa.